Mikebe Haipigi Kura

Simu ilinikuta nikichambua maharagwe kwenye veranda yangu hapa karibu na Mabanga, miwani puani, redio ikiongea peke yake. "Madam Nekesa? Ni mimi Wafula, wa Mzee Makokha." Nikamwambia Wafula wa Mzee Makokha niliyemjua alikuwa mwembamba na hakuwa na sauti ya mheshimiwa. Akacheka. Akasema kamati ya shamba imeamua kumsimamishia marehemu baba yake sanamu mbele ya lile banda la zamani la maziwa, nje ya Kitale kwenye barabara ya Suam, na sherehe ni Jumamosi ya wiki mbili zijazo. Walikuwa wamefukua sandukuni kumbukumbu za mkutano nilizozipiga chapa mimi, sahihi yangu chini kabisa. "Makarani wengine wote wameenda, Madam. Wewe tu ndiye uko. Tunataka usimame useme ndiyo, ni mimi niliandika. Dakika mbili tu. Unajua siku hizi kuna watoto wanaandika kwa simu ati Mzee alikuwa dikteta." Nikamuuliza ni maneno gani yatachongwa chini ya sanamu. Akanisomea: "Alitukomboa. Tulimchagua daima bila kupingwa."

Hiyo sentensi ya kwanza ni ya kweli. Ya pili niliitunga, au niseme niliandikiwa nikaipiga chapa, nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilimwambia Wafula nitakuja. Sikumwambia nitasema nini, na yeye hakuuliza, maana watu wa kamati hawaulizi swali wanalodhani wanalijua jibu lake. Nikaacha maharagwe, nikaenda chumbani, nikavuta begi chini ya kitanda. Daftari lilikuwa palepale, lile la jalada la kahawia, limekula unyevu pembeni, lina harufu ya maziwa yaliyoganda ambayo naapa bado naisikia. Nimehama nyumba nane na daftari hilo. Nimetupa vyombo, nimetupa barua, hata mume mmoja nilimwacha njiani, lakini daftari nimelibeba.

Mambo ya kwetu na jinsi nilivyolelewa sitayasema hapa, hayana kazi. Mwaka ninaouzungumzia ulianza siku nilipoingia chumba cha nyuma kwa Mama Nafula, mwanachama wa shamba, mjane, mwenye ng'ombe watatu na mdomo wa watu kumi. Chumba kilikuwa na dirisha dogo lililotazama zizi, kwa hiyo nililala na kuamka na ng'ombe. Tulikula ugali na mrenda, na jioni nyingi maziwa lala, yale ya mgando, kwenye kikombe cha bati, na Mama Nafula akinichungulia kama nimemaliza. "Kunywa, karani. Mwandiko wa mtu mwenye njaa unapinda." Ofisi ilikuwa ile nyumba ya mzungu aliyekuwa na shamba zamani, na meza niliyowekewa taipureta ilikuwa lango. Lango lenyewe, la mbao, lile ambalo mababa wa pale walikuwa wanasimamishwa nyuma yake alfajiri kuhesabiwa kabla ya kwenda kazi. Siku mzungu alipoondoka, Mzee Makokha alilichomoa kwa bawaba zake, akalibeba begani hadi ndani, akasema kuanzia leo litabeba karatasi zetu. Matundu ya misumari yalikuwa bado yapo, na kalamu zangu zilikuwa zikiangukia humo.

Nataka mnielewe kuhusu huyu mtu, kwa sababu nikikosea hapa nimekosea kote. Alikuwa na makovu ya pingu kwenye vifundo vya mikono, pande zote mbili, na hakuwahi kuyaonyesha makusudi. Uliyaona tu akinyoosha mkono kuchukua chai. Alifungwa kwa sababu aliwagomesha vibarua wa mzungu. Akatoka, akawakusanya tena, wakanunua shamba kwa ushirika. Akajenga shule, josho la ng'ombe, mashine ya kupoza maziwa, na akaweka amri kwamba kila mtoto wa shule apate kikombe cha maziwa kila siku, awe wa mwanachama au wa mpita njia. Miezi miwili baada ya mimi kuanza kazi nilipigwa na malaria nikaanza kuongea na ukuta. Mvua ilikuwa inanyesha, barabara imekatika. Yeye mwenyewe, mzee wa miaka sitini na kitu, aliwasha trekta, akanifunga kwa blanketi kwenye trela, akanipeleka hospitali Kitale akiimba njia nzima ili nisilale. Mimi ni mtu wa kukumbuka wema. Nilimpenda yule mzee, na ninasema hivyo leo nikiwa na akili zangu timamu.

Lakini pia hakukuwa na uchaguzi pale kwa miaka mingi. Aliusimamisha. Alisema uchaguzi unagawanya watu, na ng'ombe hakamwi na wawili wanaovutana. Aliyetaka kujua hesabu za ushirika aliitwa ofisini, na aliyeuliza mara ya pili maziwa yake yalianza kukataliwa. Nilikuwa nasikia mambo hayo yakisemwa bandani, chini kwa chini, wanawake wakisugua mikebe kwa majivu. "Mzee ametufungulia lango," mmoja alisema, "sasa amekaa hapo mlangoni yeye." Wakacheka, wakaniona, wakainamia mikebe. Hilo liliniuma zaidi ya hayo maneno yenyewe.

Sasa niwaambie kuhusu mikebe. Maziwa pale yalipokelewa alfajiri, na kila mwanachama alikuwa na mkebe wake wa aluminiamu wenye namba iliyopakwa rangi nyekundu. Ukifika unauweka kwenye foleni, kisha unaenda zako: kupeleka mtoto kliniki, kukata nyasi, kupiga domo kwa jirani. Foleni inasonga bila wewe, mwenye kufuata anausukuma mkebe wako mbele kabla ya wake. Hakuna aliyewahi kuruka mkebe wa mtu. Walikuwa na msemo wao: mkebe wa mtu ni mtu. Na kazi yangu kila asubuhi ilikuwa kupita na daftari la kahawia nikiandika namba kwa mfuatano wake, na kuweka tiki mbele ya kila moja maziwa yakishapokelewa. Arobaini na saba ilikuwa ya Mama Nafula. Moja ilikuwa ya nyumba ya Mwenyekiti, yaani Mzee Makokha mwenyewe, na aliyeileta kila siku ni mkewe, Mama Wafula, mama wa huyu huyu aliyenipigia simu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, anakama kwa mikono yake mwenyewe ingawa angeweza kuwekewa vijana.

Mpimaji wa maziwa alikuwa Barasa. Kijana wa thelathini hivi, mkali, mwenye kile kipimo cha kioo alichokitumbukiza kwenye kila mkebe kujua kama umetiwa maji. Asubuhi moja alitumbukiza kwenye namba moja, akakitazama, akakifuta, akatumbukiza tena. "Haya yana maji, Mama," akasema. "Siwezi kupokea." Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Mama Wafula alimwangalia, akaupindua mkebe akamwaga maziwa yote mtaroni, akasema, "Asante, mwanangu. Sasa najua kwa nini mchunga ng'ombe wetu anaamka kabla yangu." Akaenda zake. Mchana Mwenyekiti alikuja ofisini, akaketi kwenye ncha ya lango letu, akaniuliza, "Huyu Barasa, nani amemwambia anipime mimi?" Nikasema alipima maziwa, Mzee.

Mwaka ule nchi nzima ilikuwa inapiga kura kwa mlolongo: unasimama nyuma ya mtu wako, mnahesabiwa vichwa. Afisa wa serikali anayesimamia ushirika akaagiza nasi tufanye vilevile. Wanachama wakamsimamisha Barasa agombee uenyekiti. Mkutano uliitishwa saa nne asubuhi, wakaja wakiwa na mikebe yao, iliyomwagwa na kusafishwa, ili wasirudi nyumbani mara mbili. Mwenyekiti akaja saa nane. Hakuomba radhi. Watu wakajipanga: nyuma yake wanaume wengi, hasa wale ambao ng'ombe wao hukamwa na wake zao, na nyuma ya Barasa wanawake, mlolongo ukatoka bandani ukapinda hadi kwenye josho. Yeyote mwenye macho aliona. Ndipo Mwenyekiti akasema kabla ya kuhesabu ana neno dogo. Hilo neno dogo lilianzia gerezani. Akaenda nalo hadi kwa mzungu, akarudi nalo, akalipeleka josho na shule, na saa tisa ikapita, na saa kumi ikakaribia, na ng'ombe wakaanza kulia huko mabomani. Mkamaji anajua sauti hiyo. Kiwele kikijaa hakingoji siasa.

Wakafanya walichokuwa wakifanya kila siku ya maisha yao. Mama Nafula alikuwa wa kwanza. Akauweka mkebe wake chini mahali alipokuwa amesimama, akafunga leso, akasema, "Nakuja, msinisukume vibaya," akaondoka kukama. Wa nyuma yake naye. Baada ya muda mfupi mlolongo wa Barasa ulikuwa mikebe mitupu inang'aa juani, moja baada ya nyingine, na wanaume saba kati yao. Wala hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Mimi nikatoa daftari, nikaanza kupita nikiandika namba, mkono ulienda wenyewe. Nikafika katikati, nikaandika moja. Nikasimama. Nikarudia kuangalia ile rangi nyekundu. Mama Wafula alikuwa amesimama nyuma ya Barasa mchana ule, upande wa ukuta, kichwa kimefunikwa, na sikuwa nimemtambua.

Mwenyekiti akakata hotuba ghafla. "Karani, hesabu." Akaja mwenyewe akipita kando ya mikebe, fimbo mkononi, na alipofika kwenye namba moja alisimama pia. Sijasahau uso wake. Haukuwa na hasira. Ulikuwa wa mtu aliyeitwa jina asilolipenda. Akausukuma mkebe kwa mguu, taratibu, hadi namba ikageukia ukutani. "Unaandika nini, Nekesa?" Nikasema, "Mikebe, Mzee." "Mikebe haipigi kura," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. Wanaume wakacheka. Barasa akapiga kelele, "Mzee, mkebe wa mtu ni mtu! Ngoja wanawake warudi, si ni nusu saa tu bana!" Tukaambiwa tuhesabu vichwa. Upande wa Barasa nikahesabu saba.

Asubuhi yake Mwenyekiti alinisomea imla akiwa amesimama dirishani, mgongo kwangu. "Andika: Mwenyekiti amechaguliwa bila kupingwa. Andika: mtu mmoja alijaribu kuvuruga umoja." Nikauliza, "Bila kupingwa, Mzee? Au kwa kura nyingi?" Akageuka. "Nekesa, kwa trekta niliuliza wewe ni wa nani?" Nikapiga chapa. Nikatia sahihi. Sikupigwa, sikutishwa kwa bunduki, sikukosa chakula. Nilikumbushwa wema tu, na hiyo ikatosha. Siku nne baadaye askari walimchukua Barasa kwa uchochezi, na alipotoka alikuwa anachechemea, na nyumba yake ya ushirika ilikuwa na kufuli jipya. Alipita ofisini akiwa na furushi, akielekea Suam kutafuta maisha mpakani. Nikaanza kulia, nikaanza kujieleza. Akaninyamazisha kwa mkono. "Nekesa, umewahi kuandika mkebe ambao mwenyewe hayupo?" Nikasema kila siku. "Na ukauhesabu?" Nikasema nikauhesabu. "Basi," akasema, akaondoka. Hakurudi tena shambani. Alizikwa huko huko Suam miaka michache iliyopita, na kwa watu wa shamba jina lake lilikuwa bado ni yule mvurugaji, kwa sababu imeandikwa, na nani atabisha na maandishi?

Kwa hiyo, kabla ya sherehe, nilipitia Matisi kwa Mama Nafula. Amezeeka, anaishi na mjukuu wake nyuma ya duka la unga, miguu imegoma lakini mdomo uko kazini. Alinipikia mrenda kwa kumwamrisha mjukuu kutoka kitandani. Nikamwonyesha daftari. Akaugusa ukurasa ule, akatafuta arobaini na saba kwa kidole kwa sababu hiyo namba anaisoma. "Unataka kuenda kumwaibisha Mzee?" akaniuliza. Nikamwambia nataka kusema ukweli. "Mimi nilizaliwa kwa kambi ya mzungu, Nekesa. Mama yangu alihesabiwa kwa lango kama mbuzi. Huyu ndiye alitutoa. Usiguse hiyo." Nikasema sitagusa. Akala kidogo, kisha akasema, "Lakini ile siku nilirudi na maziwa moto, nikapata mkebe yangu imetupwa kwa nyasi. Hiyo pia usiguse. Iache vile ilikuwa." Nikamuuliza kuhusu namba moja. Wafula ni mtoto wa yule mama, nikasema, na mama hayupo kujitetea, pengine niiruke. Mama Nafula alinitazama kwa dharau ya wazi kabisa. "Ati uruke mkebe ya mtu? Wewe ulikuwa karani wa wapi?"

Jumamosi ilikuwa na jua. Hema nyeupe, viti vya plastiki, sanamu imefunikwa kitambaa chekundu, na chini yake fundi wa mawe ameketi na patasi zake, amechonga "Alitukomboa" na anangoja kuambiwa aendelee. Mama Nafula alibebwa pamoja na kiti chake kutoka Matisi, akawekwa mbele. Wafula, mvi kichwani, suti nzuri, akanitambulisha kwa heshima iliyonitia aibu. Akanipa zile karatasi za kumbukumbu nisome. Nikasema kwa maikrofoni: "Karatasi hizi nilizipiga mimi. Ni za uongo. Mzee Makokha alitukomboa, na mimi mwenyewe aliniokoa na kifo, na siku ile alishindwa kura akaichukua. Barasa hakuvuruga kitu. Mimi nilijua, nikatia sahihi. Naomba msamaha kwake kaburini, na kwenu. Sasa nitasoma kilichokuwa kwenye mlolongo."

Kelele zilizuka. Mzee mmoja alisimama akasema nishushwe, namchafua baba wa shamba. Mwingine akamwambia akae, mama yake alikuwa kwenye mstari huo. Sikungoja wakubaliane. Nikavaa miwani, nikafungua daftari, nikatoa kalamu. "Arobaini na saba," nikasema. Mama Nafula akainua mkono wake mkavu. "Niko!" Nikaweka tiki. "Kumi na mbili." Mwanamke wa makamo, nyuma kabisa: "Huyo ni mama. Andika yuko." Nikaweka tiki. "Themanini na tatu." "Yuko!" Tukaenda hivyo, namba kwa namba, wengine wakijibu wakilia, wengine wakijibu kwa ubishi wakimtazama yule mzee, na palipokosekana wa kujibu, Mama Nafula alijibu yeye kwa sababu aliwajua wote. Hadi nikafika katikati ya ukurasa.

Nikamwangalia Wafula. Alikuwa amekaa ameshika magoti, amekasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Nikasema, "Moja."

Hata Mama Nafula alifunga mdomo. Hiyo haikuwa yake kujibu. Wafula alisimama polepole, akaja hadi nilipokuwa, akalitazama daftari, ile namba kwa mwandiko wangu wa ujana. "Una uhakika, Madam?" akaniuliza chini, nje ya maikrofoni. Nikamwambia, "Niliuandika mkebe wa mama yako kila asubuhi kwa mwaka mzima." Akaitazama ile sanamu iliyofunikwa. Nilifikiri ataninyang'anya daftari, na nilikuwa nimeshajiandaa, nisingeliachia. Akavuta maikrofoni. Sauti ya mheshimiwa ilikuwa imemtoka.

"Namba moja," akasema. "Yuko." Kisha akamgeukia fundi wa mawe, akamwambia afunge vifaa vyake, hiyo sentensi moja inatosha.

Nikaweka tiki mbele ya namba moja, nikasoma iliyofuata.